Kabla Hujawasha Pikipiki

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka taratibu.)

Popote ulipo, iwe ni Nyarugusu, Nakivale, Kyaka, Kakuma, Dzaleka au Meheba, kipindi hiki ni chako. Kama mko kikundi, sogezeni viti karibu na redio. Kama unasoma andiko hili peke yako, lisome kwa sauti ili na jirani asikie.

Leo tunazungumza juu ya chombo ambacho kila mmoja wetu anakijua. Wenzetu waliotoka Congo wanakiita moto. Tanzania ni pikipiki. Uganda na Kenya ni boda. Jina hilo la boda lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana walikuwa wakibeba watu kwa baiskeli kutoka boda moja hadi boda nyingine. Leo baiskeli imekuwa pikipiki, na katika kambi zetu ndiyo teksi, ndiyo lori la mahindi, na mara nyingi ndiyo gari la kumpeleka mama mjamzito hospitali.

Usiseme, "Mimi sina pikipiki, mada hii si yangu." Kama huendeshi, unapanda. Kama hupandi, unavuka barabara. Na mwanao anatembea kando ya barabara hiyo kwenda shule. Kwa hiyo tusikilizane sote.

Mimi ninayezungumza nawe ni fundi pikipiki. Kabla ya ufundi nilikuwa dereva. Nilianza Uvira, nikabeba abiria miaka sita bila ajali ya kutajwa. Vita vilipotukimbiza nilifika Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Nikapata tajiri, yaani mwenye pikipiki, akanipa chombo kwa mkataba: nimletee hesabu kila siku, na baada ya mwaka mmoja na nusu pikipiki iwe yangu. Tulikubaliana kwa mdomo, tukashikana mikono.

Mwezi wa kumi na moja, jioni moja, nilimbeba mama mmoja kutoka sokoni. Giza lilikuwa limeanza kuingia. Nilitoka kwenye njia ndogo, nikaingia barabara kubwa ya vumbi, na mikono yangu ikafanya ilivyozoea Uvira: ikashika upande wa kulia. Pikapu ikatokea mbele yangu. Nilikwepa, tukaingia mtaroni.

Mimi nilichubuka. Yule mama alivunjika mtulinga, na kichwa chake kilipasuka juu ya sikio. Kofia ilikuwa moja, na ilikuwa kichwani kwangu. Stika ya bima ilikuwapo kwenye pikipiki, lakini tulipoisoma ilikuwa imekwisha muda wake miezi mitano iliyopita. Wiki iliyofuata tajiri alikuja kuchukua pikipiki yake. Nilimwambia nimeshalipa miezi kumi na moja. Akaniuliza, "Karatasi iko wapi?" Sikuwa na karatasi hata moja.

Wazee wa pande mbili walikaa. Sikuwa na fedha ya kulipa, basi ikaamuliwa nimsaidie mama yule kazi za nyumbani mpaka apone. Kila alfajiri, kwa miezi minne, nilichota maji na kuyafikisha mlangoni kwake, kwa kuwa mwenyewe hakuweza kuinua dumu. Mpaka leo mkono wake haupandi juu ya bega.

Ndugu msikilizaji, mambo manne yalikutana jioni ile: upande wa barabara, kofia, bima, na karatasi ya mkataba. Kila moja lingeweza kurekebishwa mapema kwa gharama ndogo. Basi tuyachukue moja baada ya jingine, na tuongeze lile la tano, yaani matunzo ya chombo chenyewe.

(Muziki mfupi.)

KWANZA: UPANDE WA BARABARA

Wengi wetu tumetoka katika nchi ambazo magari hupita upande wa kulia. Congo ni kulia. Burundi ni kulia. Rwanda, Sudan Kusini, Ethiopia na Somalia ni kulia pia. Lakini nchi nyingi zilizotupokea, yaani Uganda, Kenya, Tanzania, Malawi na Zambia, hupita kushoto.

Ni jambo dogo kulisema. Mwilini si dogo. Mchana, barabara ikiwa na magari mengi, hukosei, kwa sababu unawafuata wengine. Hatari ni saa ambazo barabara ni tupu: alfajiri, usiku, baada ya kusimama kando kumshusha abiria, na pale unapotoka njia ndogo kuingia kubwa. Hapo mwili unarudi ulikozaliwa. Mimi nilikuwa na miezi kumi na moja Nakivale, na bado mwili ulinirudisha Uvira.

Fanya hivi. Funga kipande cha kitambaa chekundu kwenye mshikio wa kushoto wa pikipiki. Kila unapoondoka baada ya kusimama, tazama kitambaa na useme kwa sauti, "Kushoto." Utachekwa siku mbili tatu. Vumilia.

Na wewe unayetembea kwa miguu, jambo hili linakuhusu pia. Ukitaka kuvuka barabara katika nchi hizi, chombo cha kwanza kukufikia kinatoka kulia kwako. Tazama kulia kwanza, kisha kushoto, kisha kulia tena, ndipo uvuke. Wafundishe watoto hivyo, hasa waliofika karibuni. Na unapotembea kando ya barabara isiyo na njia ya miguu, tembea upande ambao magari yanakuja ukiyatazama usoni. Hapa huo ni upande wa kulia.

PILI: KOFIA, ABIRIA NA MWENDO

Shirika la Afya Duniani linasema watu takriban milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 kuliko sababu nyingine yoyote. Tumekimbia risasi tukafika salama. Haifai tukafie barabara ya sokoni.

Kofia ngumu, ambayo Congo tunaiita kaske, ndiyo kinga ya kwanza. Lakini kofia hulinda ikiwa imefungwa. Kofia iliyotundikwa kwenye kioo au kuwekwa juu ya tangi inalinda tangi. Ivae, funga mkanda wake chini ya kidevu, kisha jaribu kuisukuma kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, haikufai. Kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu katika ajali iache, hata kama kwa nje haina ufa, kwa sababu ile povu ngumu ya ndani imeshabonyea na haitafanya kazi mara ya pili.

Dereva, uwe na kofia mbili. Abiria wengi huikataa kofia ya pamoja kwa sababu ya jasho na chawa, na wana haki ya kuona kinyaa. Weka kitambaa safi ndani, au mwambie abiria ajifunge mtandio mwepesi kabla ya kuivaa. Ianike juani kila siku. Abiria akiona usafi, atavaa.

Sasa tuzungumze juu ya mishikaki. Tanzania wanaita hivyo pale dereva anapopanga abiria watatu wanne juu ya pikipiki kama nyama kwenye kijiti. Sheria ya Kenya inaruhusu abiria mmoja tu kwa pikipiki. Hata pale ambapo askari haonekani, breki zinajua idadi ya watu. Uzito ukiongezeka, pikipiki inakwenda mbali zaidi kabla ya kusimama, na gurudumu la mbele linakuwa jepesi, usukani unacheza.

Mtoto mdogo asikalishwe juu ya tangi mbele ya dereva. Pikipiki ikigonga, yeye ndiye anayebanwa kati ya usukani na kifua cha mtu mzima. Mama, mara nyingi tunakaa upande kwa heshima, miguu yote upande mmoja. Najua sababu, lakini ukikaa hivyo huna cha kushika na pikipiki inaelemea. Ukiweza, vaa suruali chini ya kitenge ukae ukielekea mbele. Na kila unapopanda, kusanya ncha za kitenge, kanga au mtandio, uzikalie. Kitambaa kikiingia kwenye cheni au spoki hakitoki, kinakuvuta wewe.

Panda kutokea upande wa kushoto, kwa kuwa pikipiki nyingi zina bomba la moshi upande wa kulia, na bomba hilo huunguza. Ukiungua, weka sehemu hiyo kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia wala matope. Kisha nenda zahanati.

Na mwendo. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila sekunde moja unakula karibu mita 17. Mbuzi akitokea, sekunde hiyo moja inapita kabla mkono wako haujashika breki. Ukizidisha mwendo mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji kukusimamisha hauzidi mara mbili, unazidi mara nne. Ndani ya kambi, mahali penye watoto, foleni za maji na watu wanaotoka kuchukua chakula, usizidi mwendo ambao unaweza kusimama ndani ya hatua chache.

Ndugu zetu wa Kakuma, ninyi mna jambo jingine: laga. Mto ule mkavu, mvua ikinyesha mbali milimani, hujaa kwa ghafla hata kama juu yenu jua linawaka. Ukikuta maji yanakimbia, usijaribu kuvuka kwa pikipiki, hata kama mwenzako amevuka dakika tano zilizopita. Abiria akikuhimiza, mwambie asubiri au atafute mwingine.

(Muziki mfupi.)

TATU: BIMA NI KITU GANI?

Wengi wetu tunaijua bima kama stika ya kumwonyesha askari. Tuieleze vizuri.

Uganda, Kenya na Tanzania, sheria inataka kila chombo cha moto kinachotembea barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu. Tanzania watu huiita bima ndogo. Mtu wa kwanza ni wewe uliyekata bima. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule uliyemgonga. Maana yake ni hii: ukimuumiza mtu, kampuni inasaidia kulipa haki yake, kwa kiwango kilichowekwa. Bima hiyo haitengenezi pikipiki yako na haikulipi wewe dereva ukivunjika mguu.

Basi bima hii ni ya nani hasa? Ni ya yule mama wangu wa mtulinga. Ingekuwa hai, angekuwa na mahali pa kudai. Badala yake alipata madumu ya maji.

Kuna mambo matatu ya kutazama.

La kwanza, tarehe. Isome wewe mwenyewe, usiambiwe. Usikubali pikipiki ya tajiri kabla ya kuona tarehe ya mwisho ya bima, na uiandike ukutani nyumbani kwako.

La pili, matumizi. Bima ya pikipiki ya mtu binafsi na bima ya pikipiki ya kubeba abiria kwa malipo si kitu kimoja. Ukibeba abiria kwa fedha huku karatasi inasema matumizi binafsi, kampuni inaweza kukataa kulipa siku ya ajali. Unapokata bima, sema wazi, "Nabeba abiria," na hakikisha imeandikwa hivyo.

La tatu, ukweli wa stika. Ziko stika za kughushi, na huuzwa kwa bei ya chini na watu wanaojiita mawakala. Nunua ofisini au kwa wakala anayejulikana, na dai risiti. Tanzania, mamlaka ya bima, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni wa kuhakiki kama bima ya chombo ni ya kweli. Kijana mmoja mwenye simu ya intaneti anaweza kuwasaidia kumi.

NNE: KARATASI

Kabla ya karatasi yoyote, jua sheria ya nchi uliyoko, kwa sababu hazilingani. Uganda, sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi na kutembea. Kenya na Tanzania, kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Na ziko kambi ambazo zina masharti yake juu ya kumiliki au kuendesha pikipiki. Kwa hiyo, kabla ya kutoa shilingi moja, nenda kwa uongozi wa kambi na kwa ofisi ya msaada wa sheria, uliza swali hili: "Je, mimi mwenye kitambulisho hiki naweza kumiliki na kuendesha pikipiki hapa, na mwisho wangu ni wapi?" Watu wamenunua kwanza, wakauliza baadaye, na chombo kikakamatwa.

Ukishajua kwamba unaruhusiwa, tazama mambo haya.

Leseni. Miaka yako sita ya Uvira au Bujumbura inakupa uzoefu, lakini haikupi leseni ya hapa. Ukigonga mtu bila leseni, kampuni ya bima inapata sababu ya kukukataa, na kesi yako inakuwa nzito zaidi.

Kadi ya pikipiki, ambayo Kenya na Uganda wanaiita logibuku. Hii ndiyo inayosema chombo ni cha nani. Ukinunua pikipiki ya mtumba, linganisha namba ya chasisi na namba ya injini zilizogongwa kwenye chuma na zile zilizoandikwa kwenye kadi. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, acha. Zikiwa zimekwanguliwa au kugongwa upya, ondoka upesi, maana unaweza kuwa unanunua mali ya wizi. Zikilingana, nunua mbele ya mashahidi, andikeni hati ya mauziano, kisha badilisha jina. Pikipiki yenye jina la mtu mwingine bado ni ya mtu mwingine, hata kama unailisha mafuta kila siku.

Sasa mkataba. Mfumo huu wa kulipa hesabu mpaka chombo kiwe chako umewasaidia wengi, sikukatazi. Lakini tupige hesabu pamoja. Tuseme unaleta shilingi 10,000 za Uganda kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni 60,000 kwa wiki. Mwaka mmoja na nusu una wiki 78. Jumla ni shilingi 4,680,000. Mtu angekuomba umpe milioni nne na zaidi leo, ungetaka karatasi? Ungetaka. Basi hata zikitolewa elfu kumi kumi ni fedha zile zile.

Mkataba wenu uandikwe katika lugha ambayo wote wawili mnaisoma. Uwe na majina, namba ya pikipiki, kiasi cha kila siku na jumla yote. Uandike nani anakata bima, nani analipa matengenezo makubwa, na siku ukiugua au pikipiki ikiwa gereji hesabu inakuwaje. Uandike pia: mkataba ukivunjika katikati, fedha iliyokwisha kulipwa inakuwaje. Na siku ya mwisho, kadi inabadilishwa jina ndani ya siku ngapi. Saini ziwepo, mashahidi wawili, mmoja wa kila upande, na nakala mbili.

Kisha nunua daftari dogo. Kila unapotoa hesabu, andika tarehe na kiasi, tajiri aweke saini. Kama unatuma kwa simu, usifute ujumbe. Tajiri mwema hatachukia daftari. Atakayelichukia amekusaidia kumjua mapema.

(Muziki mfupi.)

TANO: MATUNZO YA CHOMBO

Hapa ndipo kazi yangu ya sasa ilipo. Pikipiki nyingi zinazoletwa gereji zimesukumwa, na ukiuliza unaambiwa, "Imezima ghafla." Mara nyingi chombo kililalamika siku nyingi, ila hakuna aliyekisikiliza.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha, tumia dakika tano.

Matairi: bonyeza, tazama upepo, tazama misumari na nyufa. Kashata zikiisha, tairi haishiki tena matope wala barabara yenye maji.

Breki: kanyaga ya nyuma, kamata ya mbele, sukuma pikipiki uone kama inashika. Madereva wengi wanaiogopa breki ya mbele na kuilegeza kabisa. Ni kosa. Unaposimama, uzito mwingi unakwenda mbele, na breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi. Tumia zote mbili, taratibu, pikipiki ikiwa imenyooka. Kwenye mchanga au kokoto usiikamate ya mbele kwa ghafla, gurudumu litateleza.

Cheni: ishike katikati, upande wa chini, ipandishe na kuishusha. Kwa pikipiki nyingi icheze kama sentimita mbili hadi tatu. Ikikaza sana inakula spoketi na inaweza kukatika. Ikilegea sana inaruka, na ikijifunga kwenye gurudumu la nyuma utaanguka palepale. Isafishe vumbi na uipake oili.

Oili ya injini: tazama kipimo pikipiki ikiwa imesimama wima mahali tambarare. Injini hizi ndogo huchukua takriban lita moja tu. Ikipungua nusu, hakuna akiba. Injini inajisaga yenyewe. Nchi yenye vumbi jingi hudai kubadilisha oili mapema na kusafisha filta ya hewa mara kwa mara. Oili chafu usiimwage karibu na kisima au mfereji wa maji.

Taa: ya mbele, ya nyuma, ya breki, indiketa. Taa ya nyuma ikikufa, lori linaloenda kasi halitakuona usiku. Bandika karatasi ya kung'aa nyuma na uvae koti la kung'aa.

Kuna tabia mbili nawaomba muache. Ya kwanza ni kuzima injini au kutia nyutro kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Injini ikiwa kwenye gia husaidia kukushika. Ukiitoa, kazi yote inabaki kwa breki, nazo zikipata moto sana hupoteza nguvu. Ya pili ni kuweka petroli kwenye chupa ndani ya nyumba au hema. Mvuke wa petroli hauonekani, hutambaa chini mpaka kwenye jiko. Nyumba zetu zimekaribiana. Moto wa mmoja ni wa mtaa mzima. Ukitia mafuta, zima injini, usivute sigara, na usitie karibu na jiko.

Fedha ya yote haya itoke wapi? Ukiweka kando shilingi 1,000 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki, baada ya wiki 26 una 156,000. Weka kwenye kikundi chenu cha akiba, si mfukoni. Oili, viatu vya breki na bima vianze kulipwa kutoka hapo. Madereva wa stendi moja mkifanya hivyo pamoja, siku ya mmoja kuharibikiwa hamtachangishana kwa haraka.

AJALI IKITOKEA

Pamoja na yote, ajali huweza kutokea. Fanya haya kwa utaratibu.

Simama. Usikimbie, hata kama unaogopa watu. Ukihofia kupigwa, nenda moja kwa moja kituo cha polisi kilicho karibu ukatoe taarifa. Kukimbia na kujificha kunageuza bahati mbaya kuwa kosa kubwa.

Zuia ajali ya pili. Weka matawi barabarani kwa umbali pande zote mbili, mtu mmoja apunge kitambaa.

Majeruhi asivutwe wala kukalishwa kwa nguvu. Shingo inaweza kuwa imeumia. Kama anapumua vizuri, usimvue kofia. Waachie wahudumu wa afya. Msogeze tu ikiwa kuna moto au magari yanaweza kumkanyaga. Damu ikitoka kwa wingi, bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachia. Usimpe maji wala chakula, huenda akahitaji upasuaji.

Aliyepigwa kichwa anaweza kuinuka akasema, "Sijambo." Mtazame siku ile na inayofuata. Akitapika, akisinzia bila sababu, akichanganya maneno, au kichwa kikizidi kumuuma, mpeleke hospitali mara moja.

Kisha toa taarifa polisi, na omba fomu ya majeruhi. Tanzania na Uganda inaitwa PF3, Kenya ni P3. Andika namba za vyombo, majina ya mashahidi, na maelezo ya stika ya bima. Ijulishe kampuni ya bima bila kuchelewa. Na wewe uliyeumizwa, usiweke alama ya kidole kwenye karatasi usiyoielewa kwa sababu umepewa noti mbili za haraka. Ipeleke kwanza ofisi ya msaada wa sheria.

(Muziki unaingia chini chini.)

Ndugu msikilizaji, nimerudi kupanda pikipiki, lakini sasa ni kwenda kumwona mteja aliyekwama njiani na kurudi. Kitambaa chekundu bado kiko mkono wa kushoto. Kofia ya pili iko nyuma, imefungwa kwa mpira. Mwezi uliopita yule mama alinisimamisha sokoni, akaniomba nimfikishe nyumbani kwa sababu mvua ilikuwa inakuja. Nilimpa kofia. Hakuweza kufunga mkanda kwa mkono mmoja, nikamfungia. Tukaenda polepole.

Maswali ya kujadili katika kikundi cha wasikilizaji:

1. Katika kambi yetu, ni mahali gani barabarani ambapo watoto huvuka kwa wingi? Tunaweza kufanya nini wiki hii?
2. Madereva wa stendi yetu, ni wangapi wana kofia ya pili? Kama hawana, kikwazo ni nini?
3. Nani kati yetu yuko kwenye mkataba wa mdomo? Tumsaidieje kuuandika bila kugombana na tajiri?
4. Tarehe ya mwisho ya bima ya pikipiki unayoendesha ni ipi? Itaje sasa hivi, bila kwenda kuangalia.

Nawatakia safari njema, na kumbukeni: kushoto.

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unaisha.)